Gita la Besi Ndani ya Buti

Gari lenye sabufa kubwa huhukumiwa kabla halijafika: vioo vinatetemeka, kibao cha namba kinagongagonga, nasi tunasema muziki wake ni mkali. Hukumu hiyo inapima wingi tu. Besi ina umbo, na inastahili kusomwa kama shairi: noti inaanzia wapi, inakatikia wapi, na kati ya noti na noti mmeachwa nini.

Tuchukue muziki wa benga, maana humo kasoro haina pa kujificha. Katika rekodi za bendi ya Shirati Jazz gita la besi halilali chini ya wimbo. Linaruka, linakatika, linaliachia gita la solo nafasi ya kumjibu mwimbaji. Uzi wa gita la besi ulio mnene kuliko zote ukipigwa wazi hutoa takriban hezi 41, na wimbi la mlio huo lina urefu unaozidi mita 8, refu kuliko gari dogo lenyewe. Ndiyo maana sikio haliwezi kuonyesha mlio huo unatoka upande gani. Besi ikipangwa vizuri, mpiga gita huonekana amesimama mbele, karibu na mwimbaji, ingawa sabufa imo kwenye buti.

Umbo hilo huharibiwa na skrubu ndogo ya geini kwenye amplifaya. Wengi huizungusha kama ya kuongezea sauti, kumbe kazi yake ni kulinganisha: redio moja hutoa volti 2, nyingine 4, na geini huamua ni volti ngapi zitaifikisha amplifaya kwenye nguvu yake yote. Ukipita hapo, kilele cha wimbi hukatwa kikabaki bapa. Mdonoo wa kidole kwenye uzi unamezwa. Noti iliyopigwa kwa upole na ile iliyopigwa kwa nguvu zinalingana kimo. Zaidi ya hayo, wimbi lililokatwa huzaa milio ambayo hakuna aliyeipiga: noti ya hezi 50 huja na ya 150 na ya 250, na hiyo sikio linajua itokako. Mpiga gita amehamishiwa kwenye buti. Koili ya spika nayo inaungua polepole.

Fundi makini huzima kiongeza besi, huweka ekolaiza katikati, hufungua redio kiasi cha robo tatu, huchomoa sabufa, kisha hucheza mlio wa hezi 50 huku akipima volti zinazotoka. Amplifaya ya wati 400 kwenye omu 4 inaishia volti 40. Naipenda hesabu hii kwa kuwa haibembelezeki. Kiongeza besi, kwa upande wake, kikipandishwa desibeli 12 kinadai nguvu karibu mara 16, na hapo hesabu yote imevunjwa.

Lakini volti 40 ni dari tu. Kiwango cha besi dhidi ya spika za mbele huamuliwa kwa kusikiliza, na hapa mafundi wengi hukosea kwa haraka. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio husikia milio mizito kwa shida. Besi iliyopangwa gereji kwa sauti ya chini itafurika redio ikifunguliwa zaidi. Mngurumo wa barabara nao huimeza besi gari likitembea. Basi ipangwe kwa sauti ile ile mwenye gari anayoizoea, na awe na namna ya kuishusha sabufa peke yake akiwa kwenye usukani.

Halafu fundi arudi kwenye benga, pale gita la besi linaponyamaza ghafla. Sabufa inapaswa kunyamaza nalo. Ikiendelea kunguruma hata baada ya geini kushushwa, asiishike tena ile skrubu. Akague sanduku la spika.