Kimya, Muziki na Hakimiliki: Uhakiki wa Usambazaji wa Filamu ya Killer of Sheep

Utangulizi

Filamu ya Killer of Sheep, iliyoongozwa na Charles Burnett, iliwasilishwa mwaka 1977 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ikiwa kazi ya kuhitimu shahada ya uzamili. Filamu hiyo iliingia rasmi katika majumba ya sinema ya Marekani mwezi Machi 2007. Kati ya tarehe hizo mbili kuna takribani miaka 30. Katika kipindi hicho, filamu ilitunukiwa tuzo ya wahakiki wa kimataifa katika Tamasha la Filamu la Berlin mwaka 1981, na mwaka 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika Rejesta ya Taifa ya Filamu. Kwa maneno mengine, taifa liliitambua kuwa sehemu ya urithi wake miaka 17 kabla raia wa kawaida hajaweza kukata tiketi na kuitazama.

Makala haya yanachunguza pengo hilo kwa hoja mbili. Hoja ya kwanza ni kwamba utulivu wa filamu, ambao mara nyingi hutajwa kuwa chanzo cha filamu za aina hii kukosa soko, hautoshi kueleza kilichotokea. Kilichoizuia filamu ni muziki, yaani kipengele kilekile kinachobeba maana pale ambapo wahusika wananyamaza. Hoja ya pili ni kwamba usambazaji haukuifikisha kazi kwa hadhira tu, bali uliibadili matini yenyewe. Kwa hiyo, mhakiki anawajibika kubainisha ni nakala ipi anayoihakiki.

Mkabala wa Kinadharia

Uchambuzi unaongozwa na Nadharia ya Upokezi, hususani dhana ya upeo wa matarajio iliyoasisiwa na Hans Robert Jauss katika mhadhara wake wa Konstanz mwaka 1967. Kwa mujibu wa Jauss, hadhira huipokea kazi ya sanaa kwa kuilinganisha na kazi ilizokwisha kuzizoea. Dhana hiyo ina manufaa hapa, lakini ina upungufu mmoja: huchukulia kwamba kazi imekwisha kuifikia hadhira. Killer of Sheep inalazimisha swali linalotangulia upokezi, yaani ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuiruhusu kazi ipokewe.

Utulivu wa Filamu na Upeo wa Matarajio

Filamu inamhusu Stan, mfanyakazi wa machinjio ya kondoo anayeishi na mkewe na watoto wao katika kitongoji cha Watts, Los Angeles. Uigizaji wa Stan umefanywa na Henry G. Sanders, na wa mkewe na Kaycee Moore. Stan hapati usingizi. Hakuna mauaji ya watu, hakuna kisasi wala ushindi wa mwisho. Katika tukio mojawapo, Stan na mwenzake wananunua injini ya gari, wanaishusha ngazini kwa taabu na kuiweka nyuma ya gari la mizigo. Gari linapoondoka, injini inaanguka na kuharibika, nao wanaiacha barabarani. Katika tukio jingine, safari ya kwenda kwenye mashindano ya farasi inakatizwa na pancha, kwa kuwa hakuna tairi la akiba. Hali ya kipato cha familia haielezwi kwa hotuba. Inaonekana katika vitu vinavyoharibika kabla ya kutumika.

Upeo wa matarajio wa miaka hiyo ulikuwa tofauti. Filamu za Shaft (1971) na Super Fly (1972) zilikuwa zimewazoesha watazamaji na wafanyabiashara wa sinema kumwona mhusika Mmarekani mweusi akiwa na bastola, mwendo wa kasi na muziki wa kishindo. Ni rahisi basi kuhitimisha kwamba filamu ya Burnett ilikosa msambazaji kwa sababu ilikuwa tulivu mno. Hitimisho hilo lina ukweli kiasi, kwani mtandao wa usambazaji wa kibiashara haukuwa na nafasi kwa kazi iliyopigwa picha kwa filamu nyeusi na nyeupe ya milimita 16, kwa bajeti isiyofika dola 10,000. Hata hivyo, haliwezi kueleza kwa nini pengo liliendelea baada ya mwaka 1981 na hata baada ya 1990, wakati sifa ya filamu ilikuwa imekwisha kuthibitishwa na vyombo viwili vyenye uzito. Utulivu haukupungua kati ya 1990 na 2007. Kama utulivu ungekuwa ndio kizuizi, filamu isingetoka kabisa.

Muziki Kama Sauti na Kama Kizuizi

Wahusika wa filamu hii husema machache, lakini filamu yenyewe haina ukimya. Ndani yake zinasikika kazi za Scott Joplin, Paul Robeson, Louis Armstrong, Little Walter, Elmore James, Dinah Washington na kundi la Earth, Wind & Fire. Mpangilio huo unaweza kusomwa kama historia fupi ya muziki wa Wamarekani weusi katika karne ya 20, iliyowekwa juu ya maisha ya mtaa mmoja. Wimbo wa Robeson unaoisifu Marekani unapowekwa juu ya picha za watoto wakicheza katika viwanja vyenye vifusi, kejeli inajengwa bila mhusika yeyote kufungua kinywa. Vivyo hivyo, mtoto wa kike anapomwimbia mwanasesere wake wimbo wa Earth, Wind & Fire, mtazamaji anaelewa namna mapenzi ya watu wazima yanavyomfikia mtoto kwa njia ya redio na santuri.

Kisheria, kutumia wimbo uliorekodiwa ndani ya filamu ya kibiashara huhitaji ruhusa mbili: ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Burnett aliitengeneza filamu akiwa mwanafunzi, bila kuikusudia kwa majumba ya sinema ya kibiashara, na ruhusa hizo hazikupatikana. Matokeo yake ni kwamba filamu iliweza kuoneshwa katika matamasha, makumbusho na madarasa, lakini haikuweza kuuzwa. Nakala chache za milimita 16 zilizokuwapo zilizunguka hadi zikachakaa.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua mbili. Hifadhi ya Filamu na Televisheni ya chuo kilekile ilifanya ukarabati na kutoa nakala ya milimita 35, kazi iliyosimamiwa na Ross Lipman. Kisha kampuni ndogo ya usambazaji ya Milestone, kwa mchango wa mwongozaji Steven Soderbergh, ililipia haki za muziki kwa gharama ya takribani dola 150,000. Kiasi hicho ni zaidi ya mara 15 ya bajeti ya kutengeneza filamu nzima. Uwiano huo unadhihirisha kwamba kilichokuwa ghali ni kumbukumbu ya pamoja ya jamii, ambayo tayari ilikuwa mali ya kampuni. Msanii aliyetaka kuieleza jamii kwa nyimbo zake alilazimika kuzikodi nyimbo hizo kutoka kwa wasiohusika na jamii hiyo.

Mwisho Uliobadilika

Fedha hazikumaliza tatizo lote. Wimbo mmoja, Unforgettable ulioimbwa na Dinah Washington, haukupata ruhusa. Katika nakala ya awali, wimbo huo ndio uliofunga filamu, ukisikika juu ya picha za kondoo wakipelekwa kuchinjwa. Katika nakala ya 2007, nafasi yake ilichukuliwa na This Bitter Earth wa mwimbaji huyohuyo, ambao ulikuwa umekwisha kutumika katikati ya filamu. Ni wimbo ambao Stan na mkewe wanacheza taratibu mbele ya dirisha, hadi Stan anapojitoa mikononi mwa mkewe na kumwacha peke yake.

Tofauti hiyo si ndogo. Katika nakala ya awali, sauti ya upole inayozungumzia kisichosahaulika inakutana na wanyama ambao hakuna atakayewakumbuka. Mkinzano huo unaacha nafasi ya huruma na kejeli kwa pamoja, na mtazamaji hapewi jibu. Katika nakala ya 2007, wimbo unaporudi unarudi na dansi iliyoshindikana, hivyo machinjio yanafungamanishwa moja kwa moja na ndoa ya Stan. Mwisho unakuwa mchungu zaidi na pia wenye maelezo zaidi. Uamuzi huo wa kimuundo, ambao mhakiki angeweza kuusifu kama ustadi wa urudiaji, chanzo chake ni ruhusa iliyokataliwa.

Mwaka 2025 filamu ilitolewa upya baada ya ukarabati mpya wa kidijitali, na wimbo wa awali ukarejeshwa mahali pake. Kutokana na hilo, uchambuzi wowote wa hitimisho la filamu uliotegemea nakala ya 2007, ikiwamo DVD yake, hauna budi kusomwa upya. Haimaanishi kwamba uchambuzi huo ni batili. Nakala ya 2007 ndiyo iliyopokewa na hadhira pana kwa miaka 18, na kwa mtazamo wa upokezi ina historia yake. Lakini haifai kuhusishwa na nia ya mwongozaji bila tahadhari.

Hitimisho

Wahakiki wa tendi za kale za Kiswahili wamezoea kutaja mswada wanaoutumia, kwa kuwa wanajua kwamba beti hutofautiana kutoka kwa mnakili mmoja hadi mwingine. Uhakiki wa filamu katika Kiswahili haujajenga desturi hiyo. Mara nyingi hutajwa jina la filamu na mwaka, kana kwamba filamu ni moja popote inapooneshwa. Mfano wa Killer of Sheep unaonesha kwamba msambazaji, mwanasheria na mwenye haki za muziki wanaweza kuwa wanakili wapya wa matini.

Aidha, mfano huu unagusa kazi zote zinazozaliwa vyuoni. Filamu ya Burnett ilihifadhiwa, ikasifiwa na kufundishwa, lakini watu wa Watts, ambao ndio walioigiza na kuigizwa, hawakuwa na njia ya kawaida ya kuiona. Kuhifadhiwa kwa kazi kunailinda isipotee, ilhali kusambazwa kunaipeleka kwa inaowahusu. Vyuo vinavyotathmini filamu za wanafunzi kwa ubora wa kisanaa pekee, bila kuuliza iwapo haki za muziki uliomo zimepatikana, vinaweza kutoa alama za juu kwa kazi ambayo hadhira yake itaisubiri kwa kizazi kizima.