Kwa Nini Mlango wa Dharura Hufunguka kwa Nje

Alasiri ya Desemba 30, 1903, ukumbi wa maonyesho wa Iroquois mjini Chicago ulifurika hadi watu wakakosa viti. Zilikuwa siku za likizo ya Krismasi, na wengi wa watazamaji walikuwa akina mama na watoto. Ukumbi ulikuwa umefunguliwa wiki tano tu kabla ya siku hiyo, na matangazo yake yaliwahakikishia wateja kwamba ni jengo lisiloshika moto. Cheche kutoka kwenye taa ya jukwaani ziliwasha pazia. Ulipozimwa moto, kuta zilikuwa zimesimama imara, na mwaka uliofuata jengo hilohilo lilitumika tena kwa jina jingine. Watu waliokufa walikuwa si chini ya 602.

Wajenzi wa Chicago hawakuwa wageni wa moto. Mwaka 1871 mji wao uliteketea. Watu wapatao 300 walikufa na karibu 100,000 wakabaki bila makazi. Funzo walilolichukua ni lile ambalo London ililichukua baada ya moto wa mwaka 1666: nyumba za mbao ziondoke, matofali na mawe yachukue nafasi yake. Hilo lilikuwa jibu sahihi kwa swali la jinsi ya kuuzuia moto usivuke kutoka nyumba hadi nyumba. Swali la mtu aliyekaa ndani, atatoka vipi na kwa dakika ngapi, halikupewa uzito uleule.

Iroquois ulionyesha gharama ya swali hilo kuachwa. Pazia la kukinga moto, ambalo lilipaswa kushuka na kuutenga jukwaa na watazamaji, lilikwama njiani. Matundu ya paani juu ya jukwaa, yaliyokusudiwa kutoa moshi na joto, yalikuwa yamefungwa. Wasanii walipofungua mlango wa nyuma ili wajiokoe, hewa baridi iliingia kwa kishindo na kuusukuma moto kuelekea walikokaa watu. Waliokimbilia milango ya kutokea walikuta mingine imefichwa nyuma ya mapazia ya mapambo, mingine ina makomeo ya aina ambayo hawajapata kuyaona, na baadhi inafunguka kwa ndani. Kwenye ngazi za roshani kulikuwa na mageti ya chuma yaliyofungwa, ili wenye tiketi za bei ndogo wasishuke kwenye viti vya bei kubwa.

Mlango unaofunguka kwa ndani hauna shida mtu akiwa peke yake. Anauvuta, anarudi hatua moja nyuma, anapita. Wakiwa mia, aliye mbele hana hatua ya kurudi. Walio nyuma hawauoni mlango, wanaona moshi tu, na kila anayesukuma anazidi kuubana usifunguke. Nguvu ya umati ndiyo inayoua hapo, hata moto ukiwa bado mbali.

Carl Prinzler, muuzaji wa vifaa vya chuma kutoka Indianapolis, alikusudia kuwapo kwenye onyesho lile lakini shughuli zikamzuia. Aliungana na mhandisi wa majengo Henry DuPont, na mwaka 1908 kampuni ya Vonnegut ikaanza kuuza kifaa chao: upau wa chuma uliolazwa kwenye upana wa mlango, usawa wa kiuno. Kiwiliwili kikiuegemea, komeo linaachia na mlango unafunguka kwa nje. Hahitajiki mtu kutafuta ufunguo gizani, wala kujua kitasa kinazungushwa upande gani. Nguvu ileile ya umati iliyokuwa ikiufunga mlango sasa ndiyo inayoufungua, na aliye nje bado hawezi kuingia.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye maana kubwa kuliko zote, kwa sababu milango haifungwi bila sababu. Machi 25, 1911, katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, wafanyakazi wa ghorofa ya 9 walikuta mlango mmoja wa ngazi umefungwa. Waajiri walihofia wizi. Watu 146 walikufa siku hiyo, na jengo lingali limesimama hadi leo. Novemba 28, 1942, katika klabu ya Cocoanut Grove mjini Boston, mlango mkuu wa kuzunguka ulikwama kwa msongamano, na milango mingine ilikuwa imefungwa ili wateja wasitoroke bila kulipa. Watu 492 walikufa. Baada ya hapo kanuni zikataka kila mlango wa kuzunguka uwe na milango ya kawaida pembeni yake, inayofunguka kwa nje.

Hofu hiyohiyo ndiyo inayofunga mabweni ya Afrika Mashariki. Machi 1998 moto uliua wasichana 26 katika shule ya Bombolulu, Pwani ya Kenya. Miaka mitatu baadaye wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Kote kuwili kulikuwa na mlango uliofungwa na madirisha yenye nondo. Walimu walihofia wanafunzi kutoroka na wavamizi kuingia, na hofu hiyo si ya kubeza, hasa penye mabweni ya wasichana. Lakini kufuli la nje haliwezi kuchagua kati ya mwizi na mtoto anayekimbia moshi.

Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na serikali ya Kenya mwaka 2008 unasema wazi: milango iwe na upana wa futi 5 au zaidi, ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, kila bweni liwe na mlango kila mwisho na wa dharura katikati, madirisha yasiwe na nondo. Hata hivyo wasichana 10 walikufa kwa moto katika shule ya Moi Girls, Nairobi, mwaka 2017, na wavulana 21 huko Endarasha, Nyeri, mwaka 2024. Miezi michache baada ya Endarasha, ukaguzi ulisababisha serikali kusitisha huduma za bweni katika shule za msingi 348.

Kugeuza bawaba ili mlango ufunguke kwa nje ni kazi ya fundi mmoja, na nondo hukatwa kwa msumeno. Mzazi anayempeleka mtoto shule ya bweni muhula huu asiishie ofisini kwa mkuu wa shule. Aombe kuonyeshwa bweni, ausukume mlango kwa mkono wake akiwa ndani, atazame madirisha, kisha aulize nani anashika ufunguo saa nane za usiku.