Pongezi kwa Manahodha wa Yanonge
Katika Mto Kongo, kwenye njia ya kilomita zipatazo 60 kati ya Kisangani na Yanonge, msafiri haoni nyangumi wala pomboo, kwa kuwa maporomoko yaliyo chini ya Kinshasa huutenga mto na bahari. Hata hivyo, mashua kubwa za mbao zenye injini zinazobeba abiria, mihogo, ndizi na makaa huitwa balenyeri, jina ambalo Wafaransa walizipa mashua za wawindaji wa nyangumi wa zamani. Kinachostahili sifa zaidi ni elimu ambayo manahodha huipata kazini: katika ukanda huu wa ikweta, ambako anga jeupe la asubuhi huweza kuleta tufani alasiri, nahodha husoma rangi ya mawingu na mikunjo ya maji, huku baharia aliye omoni akichovya upondo, yaani mti mrefu wa kupimia kina, ili chombo kiepuke mafungu ya mchanga yanayohamahama. Upepo ukizidi, mashua huelekezwa ukingoni na kufungwa mtini mpaka hali itulie, na abiria wanaonung'unikia kuchelewa (nao hawakosekani kamwe) ndio wanaookolewa na uamuzi huo.