Mstari Usioandikwa

Mtungaji wa programu husifiwa na wengi, ila mhakiki wake, yule akaaye na msimbo wa mwenziwe tangu asubuhi hadi jioni akiupima neno kwa neno kabla haujapokewa katika kiini cha mfumo endeshi, aghalabu hupita bila ya taadhima anayostahili. Nami, niliyeifuatilia kazi hiyo kwa muda mrefu na kwa mapenzi, nataka kuitolea ushahidi.

Kiini cha Linux, kilichoanzwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, kilitungwa kwa ajili ya prosesa moja tu, 386 ya Intel, na mwenyewe alitangaza wakati ule kwamba hakihamishiki. Lakini mwaka 1995, toleo la 1.2 lilipotoka, kilikuwa kimekwisha kujifunza lugha za Alpha, SPARC na MIPS. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na Alpha, kwa biti zake 64, ilifichua maradhi ambayo 386 ilikuwa imeyasitiri. Tangu hapo prosesa mpya huja kubisha hodi na maelfu ya mistari: namna inavyoamka, inavyoigawa kumbukumbu katika kurasa, inavyoacha kazi moja na kushika nyingine, inavyoitika kifaa kinapotaka kusikilizwa. Mlangoni ameketi mhakiki.

Kosa lililoandikwa ni jepesi kulikamata, kwa kuwa lipo mbele ya macho; lakini katika kazi hii madhara makubwa hukaa katika mstari ambao haukuandikwa. Tuseme mtungaji ameweka ujumbe katika kumbukumbu, kisha akainua bendera kuonyesha kwamba ujumbe u tayari. Katika karatasi mambo hayo mawili yamefuatana, ila prosesa za ARM na RISC-V zina ruhusa ya kuyadhihirisha kinyume mbele ya prosesa nyingine, hata aliye upande wa pili akaiona bendera kabla ya ujumbe, akasoma masalio ya zamani akidhani ni habari mpya. Kinga yake ni amri fupi iitwayo kizuizi cha kumbukumbu, nayo huhitaji mwenziwe upande wa msomaji, maana kimoja peke yake hakifai kitu. Pasipo vizuizi hivyo programu yaweza kutenda sawasawa mwezi mzima juu ya meza ya aliyeitunga, kisha ikaanguka usiku mmoja katika mashine ya mtu wa mbali, isiache ushahidi wowote. Na aliyelelewa na prosesa za Intel, ambazo utaratibu wake ni mkali zaidi, pengine hajapata kuiona ajali hiyo maishani mwake. Basi mhakiki husoma yaliyopo huku akiwaza yasiyokuwapo, akauliza kwa upole: kizuizi mwenziwe ki wapi? Katika swali hilo dogo naona elimu ya miaka mingi.

Liko pia jambo la ahadi. Miito ambayo kwayo programu hukiomba kiini huduma, ikisha kutolewa kwa watu, haitenguliwi. Kwa hiyo ARM ya biti 64 ilipoingia katika toleo la 3.7, Desemba 2012, na RISC-V katika toleo la 4.15, Januari 2018, zilitakiwa zishike jedwali la pamoja, kila moja isijizulie lake. Ukali huo ni rehema, maana ulegevu wa awali ulikwisha kuleta taabu. Mwaka 2011 Torvalds alilalamika hadharani juu ya msimbo wa ARM, uliokuwa umejaa marudio kwa sababu kila ubao wa kompyuta ulikuja na maelezo yake ndani ya kiini. Dawa ikawa mti wa vifaa, faili la kueleza mashine ilivyoundwa, ambalo prosesa za PowerPC na SPARC zilikuwa zimelizoea zamani. Mhakiki mwenye insafu humwambia mgeni: hiki tunacho, tumia chetu.

Tena afanya hayo akijua kwamba prosesa nazo hufa. Mwaka 2018 toleo la 4.17 liliondoa aina nane kwa mara moja, na Itanium ikafuata katika toleo la 6.7, Januari 2024. Mistari ile haimo tena katika kiini cha leo. Lakini ukifungua historia yake na kurudi nyuma kiraka kwa kiraka, pengine utakuta chini ya maelezo, katika mstari mmoja mfupi, jina la aliyekisoma.