Ndege Walichelewa, Lakini Walichelewea Wapi?

Kila mwaka, Machi ikielekea mwisho, mbayuwayu waliojipanga kwenye nyaya za umeme kule Kirumba huanza kupungua. Wiki hii wamejaa, wiki ijayo nyaya ziko tupu. Kina mama wanaoanika dagaa hawashtuki: masika imeingia, wageni wameaga. Kwetu habari inaishia hapo. Ulaya ndo kwanza inaanza, maana huko watu wanawasubiri.

Huko hawana masika, wana majira ya machipuko, pale barafu inapoyeyuka na majani kurudi. Majira hayo yakichelewa, kama Machi 2013 ilipokuwa ya baridi kali sehemu kubwa ya Ulaya, maelezo huwa mepesi: baridi imewachelewesha ndege. Sio uongo. Mbayuwayu anakula wadudu wanaoruka, na penye baridi wadudu hawaruki. Mapema Aprili 2020 upepo mkali wa kaskazini uliwakuta wasafiri hawa Ugiriki, na maelfu ya mbayuwayu na teleka wakaokotwa wamekufa, hata mitaani Athens.

Kasoro ya maelezo hayo ni kwamba yanaanza hadithi mwishoni mwa safari. Ndiyo maana leo nataka tuipitie makala moja ya zamani kidogo, iliyotoka kwenye jarida la Science Desemba 2012. Waandishi ni Anders Tøttrup na wenzake wa vyuo vya Denmark na Sweden. Ni ukurasa mmoja tu, na kichwa chake kinasema ukame barani Afrika ulisababisha ndege waimbaji wa Ulaya wachelewe kufika.

Wanachoeleza ni hiki. Mwaka 2011 aina mbili za ndege zilichelewa kufika kaskazini mwa Ulaya: mbwigu mgongo-mwekundu, na ndege mdogo wa kahawia anayeimba usiku, Luscinia luscinia. Baridi haikuweza kulaumiwa, kwa sababu Aprili ya mwaka huo ilikuwa ya joto kaskazini-magharibi mwa Ulaya. Watafiti walikuwa wamewafunga baadhi ya ndege hao vifaa vya takribani gramu moja vinavyorekodi mwanga. Ukijua jua lilichomoza na kuzama saa ngapi, unaweza kukadiria ndege alikuwa wapi. Kumbe ndege walikwama Pembe ya Afrika. Hapo ndipo wanapojaza mafuta mwilini kabla ya kuvuka jangwa la Arabuni, na mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma. Chakula kidogo, mafuta yanajaa polepole, safari inasogezwa mbele.

Nguvu ya makala iko hapo. Imechukua swali ambalo kila mtu alilijibu kwa kutazama kipimajoto cha Ulaya, ikalihamishia kwenye vichaka vya Somalia na Ethiopia. Tena kwa ushahidi. Mimi naihesabu kuwa kazi nzuri sana.

Ila nina ugomvi nayo, na wa kwanza unahusu kichwa chake. "Ndege wa Ulaya"? Mbwigu huyu anakaa kwenye eneo lake la kuzalia miezi mitatu au minne. Muda mwingi uliobaki yuko Afrika au njiani. Mgeni anayelala kwako kuliko anavyolala kwake, utamwita wa wapi? Na "Afrika" nayo ni pana mno. Ukame ule ulikuwa wa Pembe na jirani zake. Huku Ziwa Victoria maji hayakauki kwa msimu mmoja, na wadudu wa ziwa hupanda juu kama moshi karibu na mwezi mwandamo, karamu kwa mbayuwayu na buabua. Shakwe wanaozaliana Finland hukaa kwenye ziwa hili hili. Hatuwezi kuwapa hawa wote hukumu moja kwa sababu ya mbwigu wachache.

Ugomvi wa pili ni wa kifaa. Kile cha mwanga hakirushi taarifa; lazima umkamate tena ndege yuleyule. Kwa hiyo tunasikia ushahidi wa waliorudi tu. Waliokufa njiani, ambao pengine ndio walioumizwa zaidi na ukame, hawana sauti. Halafu, siku zinazozunguka 21 Machi, urefu wa mchana unakaribia kuwa sawa dunia nzima, na kifaa hakiwezi kukuambia ndege yuko kaskazini au kusini kiasi gani. Ndizo siku ambazo wahamiaji wengi wanajiandaa kuondoka kwetu! Pengo hilo linazibwa na mtu mwenye macho aliyesimama ufukweni, na kwenye makala hii mtu huyo hayupo.

La tatu ndilo linalonikera. Ukame uleule ulichangia njaa ya Somalia, ambayo inakadiriwa iliua watu karibu 260,000 kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012. Sisemi watafiti wa ndege waandike habari za njaa. Ukurasa mmoja una mipaka yake. Ila kwa msomaji wa huku, kusoma "ukame" kama sababu tu ya ndege kuchelewa Sweden kunauma. Mchungaji aliyepoteza mifugo kwenye vichaka vile aliona mapema kuliko kifaa chochote kwamba wadudu hamna na ndege hawaondoki. Hakuulizwa.

Tusidanganyane lakini, lawama si za wageni peke yao. Mbayuwayu aliye Mwanza hana namna ya kujua kama Sweden kuna theluji. Mchana wa huku haubadiliki sana, hivyo hutegemea zaidi saa ya mwaka iliyo ndani ya mwili wake, kisha chakula anachopata hapa ndicho kinaamua ataondoka akiwa na nguvu au la. Akikutana na baridi iliyochelewa kuisha, mafuta aliyobeba ndiyo akiba yake. Sehemu hiyo ya hadithi iko mikononi mwetu, na sisi tulio vyuoni kando ya ziwa tunapita chini ya nyaya zile kila siku bila kuandika hata tarehe.

Isomeni makala hiyo, haichukui dakika kumi. Halafu Machi ijayo chagua waya mmoja, hesabu mbayuwayu kila asubuhi, andika na mvua kama ilinyesha. Ukifanya hivyo miaka mitano, siku ndege watakapochelewa Ulaya utakuwa na jibu la kuwapa.