Saa Moja ya Wasanii Shuleni

Vikundi vya maigizo vinavyozunguka sekondari na michezo kuhusu mimba, dawa za kulevya na shinikizo la marafiki vinastahili pongezi, hasa vile visivyohubiri. Kazi hii ina historia. Ukumbi wa Belgrade mjini Coventry, Uingereza, ulianza kupeleka waigizaji shuleni mwaka 1965, na Mbrazili Augusto Boal akabuni ufundi ambao kwangu ndio roho ya kazi yenyewe: mchezo unarudiwa, mtazamaji anapaza sauti "simama!", kisha anapanda jukwaani kushika nafasi ya mhusika. Binti anayepewa lifti na mtu mzima sharti apate maneno ya kukataa papo hapo, huku wenzake wakicheka. Hotuba ya mstarini haimpi mazoezi hayo.

Wapo wasemao saa moja haibadilishi tabia. Kwa mahubiri, ni kweli. Lakini utafiti wa Pascaline Dupas magharibi mwa Kenya ulionyesha kuwa kipindi kifupi kilichowaeleza wasichana kwamba wanaume wakubwa wana maambukizi zaidi ya VVU kilipunguza mimba kwa asilimia 28. Mafunzo ya kusisitiza kujizuia tu hayakuzipunguza. Hakikuwa mchezo wa kuigiza, lakini kinathibitisha kuwa muda mfupi unatosha ukibeba taarifa inayotumika. Wengine watasema mtihani umekaribia (kana kwamba mimba husubiri matokeo). Walimu wakuu, wapeni wasanii hawa ukumbi, na msiwalipe kwa makofi peke yake.