Ikisiri isiyotuambia utafiti ulipata nini

Wiki mbili zilizopita nilikuwa na tasnifu tatu mezani, zote za uzamili, zote za Kiswahili. Kanuni inamtaka mwanafunzi aandike ikisiri mbili, moja kwa Kiswahili na nyingine kwa Kiingereza. Nilianza na za Kiingereza. Nilipomaliza ya tatu nilijishika kichwa. Nilijua wahojiwa walikuwa wangapi, sampuli iliteuliwaje na nadharia ni ya nani. Walichogundua watafiti hao sikukijua.

Ikisiri ya mwanafunzi wetu aghalabu huanza kwa "This study sought to investigate". Malengo matatu yanafuata, nadharia inatajwa pamoja na mwasisi wake, kisha tunaarifiwa kwamba mapendekezo yametolewa. Mapendekezo gani? Kimya. Zipo hata zinazosema utafiti "will examine", ithibati kwamba aya hiyo ilinyanyuliwa nzima nzima kutoka kwa pendekezo la utafiti na mwenyewe hakuitazama tena baada ya kutoka nyanjani.

Tuseme mtu ametafiti jinsi watangazaji wa redio wanavyochanganya Kiswahili na Kiingereza, akagundua kwamba huhamia Kiingereza hasa wanapozungumzia pesa. Hilo ni jambo! Mimi ningeisoma tasnifu hiyo hadi ukurasa wa mwisho. Lakini katika ikisiri ataandika tu kwamba "code-switching serves various functions". Majukumu mbalimbali! Hayo tuliyajua kabla hajasajiliwa chuoni.

Msomi aliyezoea kuchapisha hafanyi hivyo. Katika kitabu chake Disciplinary Discourses cha mwaka 2000, Ken Hyland alichanganua ikisiri 800 kutoka majarida ya taaluma nane. Alitambua hatua tano: utangulizi, lengo, mbinu, matokeo na hitimisho. Hatua nyingine ziliweza kuachwa, lakini matokeo, au hoja kuu ya mwandishi, yalijitokeza karibu kila mahali. Aligundua pia kwamba wanasayansi na wahandisi hutilia mkazo mbinu, ilhali wasomi wa sayansi za jamii na lugha hutumia nafasi hiyo kueleza kwa nini suala lina uzito. Wanafunzi wetu wa isimu basi wanaandika kama mafundi mitambo, ila mtambo wenyewe hawatuonyeshi.

Si kwamba waliobobea ni malaika. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi walionyesha katika jarida la BMJ kwamba makala za utabibu zenye maneno ya kujipigia debe, kama vile "novel" na "robust", katika anwani au ikisiri ziliongezeka kutoka asilimia 2 katika miaka ya 1974-1980 hadi asilimia 17.5 mwaka 2014. Mmoja anaficha, mwingine anapiga tarumbeta.

Wapo wanaosema tatizo ni Kiingereza. Sikubaliani nao. Nilipofunua ukurasa uliofuata nikasoma ikisiri ya Kiswahili, mambo yalikuwa yale yale. Kinachomsumbua mwanafunzi ni woga: anamwandikia mtahini, anataka kuthibitisha kwamba alifuata utaratibu. Aliyezoea kuchapisha anamwandikia mtu asiyemjua, mwenye makala nyingine mia za kusoma. Na kiolezo hicho cha woga tuliwapa sisi wasimamizi. Nami nimetia saini ikisiri za aina hiyo, tena si chache.

Hasara yake ni kubwa kuliko tunavyodhani. Tasnifu zetu nyingi siku hizi zimo mtandaoni, na mtafiti aliye Leipzig au Dar es Salaam huona ikisiri kwanza. Isipomwambia lolote, anaipita. Kisha ataandika kwamba suala hilo halijawahi kutafitiwa Kenya, nasi tutanung'unika kwamba tunapuuzwa.

Mmoja wa wale watatu ni mwanafunzi wangu. Nilimpigia simu nikamwuliza, "Hebu niambie, ulipata nini huko nyanjani?" Akanijibu, "Profesa, kumbe..." na sentensi mbili safi zikafuata, hazina nadharia wala sampuli. Nikamwambia akate simu aziandike hizo kabla hajazisahau.